Wasifu wa mchungaji wa Kimethodisti: miaka 38 ya kuhama, dakika 7 za kusoma

Kalamu Mkononi:

Wapendwa, habari za kazi. Ninaandika wasifu wa mchungaji wa Kimethodisti aliyefariki akiwa mstaafu. Utasomwa kwenye ibada ya mazishi na kuchapwa ndani ya kijitabu cha ibada. Nimepewa dakika 7 za kusoma, basi.

Mezani nina vitu vitatu. Familia imeleta karatasi ya majina: mke, watoto 5, wakwe, wajukuu 14. Kanisa limeleta orodha ya vituo 9, vingine havina miaka. Halafu kuna bahasha ya vyeti, na hiyo ndiyo inayonitoa jasho, maana tarehe ya kuwekewa mikono (ibada ya kumweka mtu katika uchungaji) naiona mara mbili, na zinapishana karibu mwaka mzima.

Kila upande unataka wasifu wake. Wa nyumbani wanasema alikuwa mtu wa familia, kanisa wanasema alikuwa mtu wa kanisa, na rasimu yangu ya kwanza imegawanyika kama mkate uliokatwa kwa kisu: nusu vituo, nusu majina. Naomba msaada kwa haya:

1. Nianzie wapi, na mpangilio uweje?
2. Tarehe ipi ya kuwekewa mikono ndiyo sahihi?
3. Familia niiandike vipi isiwe orodha tu?

---

KaraniWaSinodi:

Karatasi ya majina iweke kando kwanza, na rasimu pia. Chora jedwali.

Sababu ni hii. Mchungaji wa Kimethodisti hachaguliwi na ushirika mmoja akakaa nao mpaka azeeke. Konferensi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, humpangia kituo, na akipangiwa kingine anafunga mizigo. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, ndiye aliyeanzisha mtindo huo wa kuwazungusha wahubiri kutoka saketi (kundi la makanisa yanayohudumiwa pamoja) moja hadi nyingine, na Wamethodisti hawajauacha, ingawa siku hizi mtu hukaa miaka mingi kuliko enzi zile. Sasa fikiria maana yake nyumbani: kila kituo kipya ni shule mpya kwa watoto, kazi mpya ya kutafutwa na mke, jikoni jipya, majirani wapya. Kwa hiyo huna hadithi mbili za kuunganisha. Uhamisho mmoja uliandikwa kwenye daftari la kanisa na pia ukaandikwa miilini mwa watu wa nyumba ile. Ukiliona hilo, mkate wako hautakatika.

Jedwali liwe na safu tano: mwaka wa kanisa, kituo (na idadi ya makanisa yaliyokuwa chini yake), cheo chake pale, yaliyotokea nyumbani mwaka huo, na ushahidi. Mstari mmoja ukikamilika uonekane hivi (miaka ni ya mfano tu):

1984–85 | saketi ya tatu, makanisa 7 | mchungaji wa pili | mtoto wa tatu azaliwa Februari 1985. Wa kwanza abadilisha shule | orodha ya vituo, cheti cha ubatizo

Angalia nimeandika 1984–85, si 1984. Hapa ndipo wengi huteleza. Katika desturi ya Kiingereza, mwaka wa kanisa huanza tarehe 1 Septemba. Orodha ya vituo ikisema 1984, inamaanisha Septemba 1984 mpaka Agosti 1985. Katika Kanisa la Muungano la Methodisti lenye asili ya Marekani, uteuzi mpya kwa kawaida huanza katikati ya mwaka, mara nyingi Julai. Ukisoma 1984 kama Januari hadi Desemba, mtoto wa Februari 1985 utamzalisha katika kituo ambacho wazazi walikuwa bado hawajafika au walishaondoka. Na kanisani siku hiyo atakuwepo mama mmoja mstari wa nyuma aliyembeba yule mtoto siku ya ubatizo. Atajua.

Vituo visivyo na miaka utavijaza kwa rejista. Mchungaji hutia sahihi kwenye rejista ya ubatizo na ya ndoa. Tafuta sahihi yake ya kwanza na ya mwisho katika kitabu cha kanisa lenyewe, utapata mipaka ya kukaa kwake. Ila usitosheke na sahihi moja. Wachungaji hubadilishana mimbari, na msimamizi wa saketi anaweza kubatiza katika kanisa lolote la saketi yake, hata kufungisha ndoa nje ya saketi kwa kuombwa na ndugu. Ukiona sahihi kumi mfululizo za mkono uleule, hapo alikuwa kituoni. Ukiona moja katikati ya za mwenzake, alikuwa mgeni.

Jiwe la msingi nalo hutumika, lakini lisome taratibu. Tarehe iliyochongwa ni ya kuweka jiwe, na jengo linaweza kufunguliwa miaka kadhaa baadaye, akiwa ameshahamishwa. Ukiandika "alijenga kanisa hili" huku jiwe linasema aliweka msingi tu, yule aliyehangaika na mabati miaka iliyofuata atakuwa ameketi palepale akikusikiliza.

Mwaka ukikosa kituo, usiunyooshe wa jirani uzibe pengo. Pengo lina maana. Huenda alikuwa masomoni, likizo ya ugonjwa, au alikuwa mchungaji wa shule, wa hospitali au wa jeshi, kazi ambazo pengine huandikwa kwenye orodha nyingine kabisa. Uliza mke kwanza. Wanawake hukumbuka mwaka kwa nyumba waliyoishi, na kumbukumbu ya nyumba hukosea mara chache kuliko ya vyeo.

---

Rejista Nyeusi:

Nijibu la tarehe mbili, maana kuna njia tatu za kuzipata na zote halali.

Njia ya kwanza: mkanganyiko wa kuwekewa mikono na kusimikwa. Kwa desturi ya Kiingereza, mikono anawekewa mara moja maishani. Kusimikwa au kukaribishwa rasmi hufanyika kila anapoingia saketi mpya, na programu ya ibada ile huchapwa vizuri, ina jina lake kwa herufi kubwa, ina askofu au mwenyekiti. Mtu akiiokota baada ya miaka 30 anadhani ndiyo yenyewe. Soma ndani: kama hakuna kuwekewa mikono na kukabidhiwa Biblia, ni kusimikwa.

Njia ya pili: majaribio. Kwa desturi ya Kiingereza, njia huwa ndefu. Mtu huwa mshirika, kisha mhubiri wa mahali (mwumini anayehubiri bila mshahara) kwa majaribio, kisha mhubiri wa mahali kamili baada ya masomo na mahubiri ya kupimwa, kisha anajitoa kuwa mtahiniwa wa huduma, anapita kamati, anakwenda chuo, anapangiwa kituo akiwa bado kwenye majaribio, na ndipo anapokelewa katika ushirika kamili wa Konferensi na kuwekewa mikono. Katika kile kipindi cha majaribio watu tayari wanamwita mchungaji, ana kituo, anaishi nyumba ya saketi. Kwa hiyo "alianza uchungaji 1979" na "aliwekewa mikono 1981" zote zaweza kuwa kweli. Andika zote mbili na vitenzi vyake: "alipangiwa kituo cha kwanza", kisha "aliwekewa mikono".

Njia ya tatu ni ya Kimarekani. Kwa muda mrefu mtu aliwekewa mikono mara mbili: kwanza kuwa shemasi, baadaye kuwa mzee, ambao kwao ndio uchungaji kamili. Mkutano Mkuu wa 1996 ukabadilisha utaratibu huo, ushemasi ukawa daraja la kudumu linalosimama lenyewe na si ngazi ya kupandia. Kwa hiyo mchungaji aliyeanza kabla ya mabadiliko hayo atakuwa na vyeti viwili na hakuna kilichoghushiwa. Angalia neno kwenye cheti, usiangalie tarehe peke yake.

Sasa jina la kanisa. Hili huchapwa vibaya hata kwenye vijitabu vya maaskofu. Kanisa la Muungano la Methodisti lilizaliwa 1968, Kanisa la Methodisti lilipoungana na lile la Evangelical United Brethren. Huwezi kuandika kwamba mtu alibatizwa humo 1946, halikuwepo. Uingereza, matawi makubwa matatu yaliungana 1932. Kenya, kanisa lilipata kujitawala 1967, kwa hiyo kabla ya hapo lilikuwa chini ya Konferensi ya Uingereza. Andika jina la wakati ule, na kama ni refu sema tu "kanisa la Kimethodisti la mahali pale" na hutakuwa umekosea.

La mwisho: usiandike kwamba alikuwa "mshirika wa kanisa fulani" katika miaka ya uchungaji. Kwa Wamethodisti wa desturi ya Kimarekani, ushirika wa mchungaji uko kwenye Konferensi ya Mwaka. Hesabu ya washirika wa kanisa la mahali haimhusu. Mke na watoto, ndiyo, majina yao yako kwenye kitabu cha kanisa. Yeye hayumo. Jambo hilo lenyewe linafaa sentensi moja katika wasifu, kwa maana nyumba moja, ibada moja, lakini jina lake linakaa kwenye kitabu kingine.

---

Kalamu Mkononi:

Asanteni sana watumishi. Nimefungua vyeti upya: kimoja ni cha kuwekewa mikono, kingine ni programu ya kusimikwa saketi ya pili. Hilo limekwisha.

Jedwali limejaa isipokuwa miaka miwili, na mke anasema ni chuo. Nitahakikisha.

Nimekwama hapa sasa. Kila ninayemuuliza ananijibu sentensi ileile: "alijitoa kwa familia na kanisa." Nimeiandika mara nne kwenye kurasa mbili. Nikiitoa, hakuna kinachobaki upande wa nyumbani ila majina. Na mke alikuwa mwalimu, lakini karatasi ya familia inamtaja kama "mama mchungaji" tu.

---

Bi. Mhariri:

Ndugu yangu, ile sentensi ifute mara zote nne. Si ya uongo, ila haishiki kitu. Unaweza kuibandika juu ya mchungaji yeyote, hata yule ambaye watoto wake walimwona kwa miadi.

Tazama jinsi Wamethodisti wenyewe walivyohifadhi kumbukumbu ya nyumbani. Susanna Wesley, mamaye John na Charles, alizaa watoto 19, kumi ndio wakakua. Ni mke wa kasisi, nyumba ina madeni, na iliungua 1709. Tunajua nini juu ya upendo wake kwa watoto? Tunajua kwamba kila jioni ya wiki aliigawa kwa mtoto wake wa kuzungumza naye peke yake, na zamu ya John ilikuwa Alhamisi. Miaka zaidi ya 300 imepita, na bado watu wanaitaja Alhamisi ile. Sifa zote alizopewa zimesahaulika. Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta Alhamisi ya mchungaji wako.

Inatafutwa kwa maswali madogo, si makubwa. Ukimuuliza mtoto "baba alikuwa mtu wa namna gani?" atakujibu kwa sifa. Muulize haya:

Siku yake ya mapumziko ilikuwa ipi, na nani alikuwa na haki ya kuivunja? Jumapili ana makanisa matatu: nyie mlikwenda naye lipi? Chakula cha mchana cha Jumapili kililiwa saa ngapi, akiwepo au bila yeye? Mahubiri aliyaandikia wapi, mlango ukiwa wazi au umefungwa? Mgonjwa akija kuitiwa usiku, nani alifungua mlango? Mlipohamishwa, nani alifungasha vitabu? Kabla ya kupanga kituo Konferensi ilimuuliza kuhusu shule zenu, naye alijibu nini?

Uliza kila mtoto peke yake. Ukiwaketisha pamoja, mkubwa atajibu na wengine wataitikia.

Ukipata jibu, badilisha namna hii. Kabla: "Alikuwa baba mwenye upendo aliyejitoa kwa familia yake." Baada: "Jumatatu hakuvaa kola. Aliwapeleka watoto shuleni mwenyewe, na aliyekuja na shauri la kanisa siku hiyo aliambiwa mlangoni arudi Jumanne, isipokuwa msiba." Ya pili ni mfano tu, usiichukue, lakini ona inavyobeba familia na kanisa kwa mkupuo mmoja, hata ile "isipokuwa" inasema jambo.

Na usiogope kuonyesha gharama. Desturi ya Kimethodisti haina mchungaji asiyelipa. Wesley alipomwoa Mary Vazeille, mjane mwenye watoto wanne, mwaka 1751, aliandika mwezi uleule au uliofuata kwamba mhubiri wa Kimethodisti hana ruhusa ya kupunguza hubiri moja wala safari ya siku moja kwa sababu ameoa. Ndoa ile haikuwa na amani, waliishia kutengana, na mke alipofariki 1781 Wesley alipata habari akiwa ameshazikwa. Nduguye Charles alikuwa ameoa 1749, akaendelea kusafiri miaka michache, kisha akatulia na familia, Bristol na baadaye London, na nyimbo akaendelea kuzitunga kwa maelfu. Huko Marekani, askofu wa Kimethodisti Francis Asbury alikufa 1816 bila kuoa. Hayo ni majibu matatu ya swali lilelile, na kila mchungaji wa Kimethodisti mwenye mke amelijibu kwa namna yake. Jedwali lako litakuonyesha jibu la huyu wako. Kama kuna kituo alichoomba asipelekwe kwa ajili ya mtoto mgonjwa, au kituo alichokwenda peke yake mwaka wa kwanza ili mtoto amalize mtihani, hapo ndipo pa kukaa. Mistari mitatu ya hapo inazidi orodha ya kamati zote alizokalia.

Kuhusu mke. Ana safu yake kwenye jedwali, kamili: shule alizofundisha, miaka, na mara ngapi aliacha kazi kwa sababu ya uhamisho. Vituo 9 maana yake ni mara 8 za kuanza upya. Mwandike kwa jina lake, kazi yake, kisha nafasi yake kanisani, kwa mpangilio huo. "Mama mchungaji" ni heshima na wanaotaka waendelee kumwita hivyo, lakini haitoshi kuwa wasifu wa mtu. Na kama marehemu angekuwa mwanamke, hesabu ingekuwa ileile upande wa mume: Wamethodisti wa Marekani waliwapa wanawake haki kamili za uchungaji 1956, Uingereza wa kwanza waliwekewa mikono 1974, kwa hiyo usishangae siku moja kuandika "mume wa mchungaji".

Majina ya wajukuu na wakwe yachapwe kwenye kijitabu, yasisomwe. Watoto wasomwe kwa mpangilio wa kuzaliwa. Usiwapange kwa vyeo vyao, na usimpe daktari sentensi mbili huku fundi ukimpa nusu. Mtoto aliyefariki asomwe mahali pake katika mpangilio. Kumruka ni kosa ambalo mama hatalisamehe.

---

Mhubiri wa Robo:

Nakubaliana na Bi. Mhariri kwa mengi, ila niongeze breki kidogo. Wasifu wa mchungaji wa Kimethodisti una mifupa yake ya zamani na waombolezaji wanaoijua wataitafuta. Jarida alilolianzisha Wesley 1778 lilichapa maisha ya wahubiri, na mpangilio ukawa karibu sawa kwa wote: alivyoamka kiroho, wito, safari za kazi, na alivyokufa. Konferensi nazo tangu karne ya 18 zimekuwa na swali la kila mwaka: ni wahubiri gani wamefariki? Jibu likaandikwa kwenye kumbukumbu, kila mtu kwa mistari michache. Ukiandika familia nzuri na ukasahau wito, wazee watasema umemwandika mtu mwema, hujamwandika mchungaji.

Kwa hiyo mambo manne yasikose hata ukibanwa.

Kwanza, namna alivyofika kwenye imani. Wesley ana tarehe, 24 Mei 1738, barabara ya Aldersgate, London, na hata saa anaikadiria. Wengi hawana. Kama huyu hakuacha tarehe, usimtengenezee. Andika alilelewa wapi, alianza lini kuhudhuria darasa (kikundi kidogo cha waumini), nani alikuwa kiongozi wa darasa lake. Darasa ni la Wamethodisti kwa asili: lilianza Bristol 1742 kama njia ya kukusanya senti kwa deni la jengo, kila kiongozi akiwa na watu kama 12, na aliyekwenda kukusanya akagundua hali za watu. Wachungaji wengi wa Kimethodisti walianza kwenye kikundi cha namna hiyo. Ni kiungo kizuri pia na mwisho wake, maana mstaafu hurudi kuwa mtu wa kawaida katika kikundi cha watu wachache.

Pili, uhubiri wa mahali. Miaka ile kabla ya chuo huachwa mara nyingi kwa sababu haina mshahara wala cheo. Itafute kwenye ratiba za mahubiri za robo mwaka. Ratiba ina makanisa upande mmoja, Jumapili juu, na wahubiri wana namba au herufi zao. Kwa jadi majina hupangwa kwa ukongwe, kwa hiyo ukiweka ratiba za miaka mitano kwa mpangilio utamwona akipanda kutoka kundi la majaribio chini kabisa. Ukikuta ratiba yenye mwandiko wake pembeni, chukua picha ya ukurasa ule kwa ajili ya kijitabu. Inazidi picha ya tano ya joho.

Tatu, kustaafu. Mchungaji hupumzika kazi ya kuongoza saketi, huduma haimtoki. Katika desturi ya Kiingereza mstaafu bado anaitwa mchungaji, anapangiwa mahubiri kwenye ratiba, anafungisha ndoa akiombwa. Kwa hiyo "aliacha uchungaji" ni kosa, na "alistaafu uchungaji" nayo ina mushkeli. Andika "alipumzishwa kazi ya saketi". Hapa pia familia inaingia kwa nguvu, kwa sababu nyumba ilikuwa ya saketi. Miaka 38 ameishi nyumba zisizo zake, zamani nyingine zikiwa na samani za saketi, orodha inakaguliwa mpaka vikombe anapoondoka. Siku ya kustaafu ndiyo familia huanza kuulizana itakaa wapi. Kama waliijenga nyumba polepole wakati wa likizo, au walihangaika, sentensi hiyo iwepo. Usiipambe.

Nne, mwisho. Wamethodisti wa zamani walijali namna mtu anavyokufa, na maneno ya Wesley ya 1791 kwamba lililo bora kuliko yote ni kwamba Mungu yu pamoja nasi bado hunukuliwa. Lakini usimwekee marehemu maneno. Kama alilala hospitalini bila kusema, andika nani alikuwa kando ya kitanda na wimbo gani uliimbwa. Ugonjwa usiutaje kwa kina bila ruhusa ya familia.

---

KaraniWaSinodi:

Urefu haujajibiwa na mtu. Kwa Kiswahili, maneno ni marefu kuliko yanavyoonekana kwenye hesabu. Msomaji mzuri, kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wengi, husoma maneno 90 hadi 110 kwa dakika. Dakika 7 ni maneno 630 hadi 770. Ibada ikitafsiriwa sentensi kwa sentensi, gawa kwa mbili: 350 tu. Hapo ndipo programu za mazishi huharibika, kwani mwandishi anapima kwa saa yake bila mkalimani, kisha mahubiri yanakatwa.

Andaa matoleo matatu kutoka jedwali lile lile. La kusomwa, maneno 700. La kijitabu, mpaka 1,200, na majina yote. La Konferensi ni fupi zaidi, ulizia kiasi wanachoruhusu kabla hujaandika, kwa sababu watalikata wao na watakata mahali usipopenda, kwa kawaida familia.

Mgawo ninaoupendekeza kwa yale 700: asili na imani 100, wito na masomo 80, vituo 300 (humo ndani nyumba na mke na watoto), kustaafu 100, mwisho 80, kinachobaki ni watoto kwa majina. Usitaje vituo vyote 9 kwa uzito mmoja. Vitatu vipewe nafasi, sita vipite kwa sentensi moja yenye miaka. Chagua vitatu kwa safu ya nyumbani, usiangalie ukubwa wa jengo.

Kabla ya kuchapa, nakala iende kwa watu wawili tofauti: mtoto mmoja asome majina kwa sauti, na karani wa saketi asome miaka. Usimpe mtu mmoja vyote. Mtoto hupita juu ya miaka, karani hupita juu ya majina. Majina mawili ya wajukuu yanayofanana ndiyo huchapwa mara moja badala ya mbili, kwa hiyo yahesabu yawe 14.

---

Kalamu Mkononi:

Nimeanza upya. Aya ya vituo inaanza hivi, naomba mnikosoe:

"Alihamishiwa saketi ya pili mwaka 1983, yenye makanisa 6. Mkewe, aliyekuwa akifundisha darasa la 4, alibaki hadi Desemba ili wanafunzi wake wafanye mtihani, na kwa miezi 3 Mchungaji alipika mwenyewe. Binti yao mkubwa anakumbuka kwamba barua za baba zilikuwa nyuma ya karatasi za ratiba ya mahubiri, kwa sababu hakupenda kutupa karatasi. Alihamishiwa saketi ya tatu mwaka 1987."

---

Rejista Nyeusi:

Barua hizo zitafute. Nyuma yake kuna ratiba, na ratiba ina tarehe. Umepata safu ya ushahidi bure.

Badilisha "alihamishiwa" kuwa "alipangiwa", mara zote mbili. Wamethodisti hawahamishwi kama karani wa serikali, wanapangiwa, na wazee watasikia tofauti. Halafu kama mwaka wa kanisa lenu unaanza Septemba, Septemba mpaka Desemba ni miezi 4. Hesabu tena, au uliza mke alipanda basi tarehe ngapi.

---

Kalamu Mkononi:

Nimemuuliza. Shule ilifungwa wiki ya mwisho ya Novemba, mtihani ukiwa umekwisha, na alisafiri siku iliyofuata. Miezi 3 inabaki, "Desemba" ninaitoa.